Jora la Merikani, Jora la Stika

Stika za magari huuzwa kama kitambaa. Hufika dukani zikiwa jora, zikasimamishwa kwenye kona au kulazwa rafuni. Mwenye duka huvuta ncha, hupima kwa mita, hukata kwa wembe. Upana wa jora huwa mita 1.22, au 1.37, au 1.52, na urefu mara nyingi ni mita 50. Mnunuzi huishika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, akaisugua, akaikunja kidogo kusikiliza mlio wake, ndipo akauliza bei. Mkono huo unaosugua ni mkono wa siku nyingi. Hoja ninayotaka kuisimamisha ni kwamba anayetafuta stika ya bei nafuu katika mtaa wa Asiatique, Bujumbura, yumo ndani ya biashara ileile iliyouzaa mtaa huo, yaani biashara ya nguo, na kwamba kosa linalomgharimu leo ni kosa ambalo wanunuzi wa kitambaa cha merikani wa karne ya 19 walikwisha jifunza kulikwepa.

Tuanze na mtaa wenyewe, kwa kuwa jina lake ni ushahidi. Kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilisimikwa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1897. Wabelgiji wakakitwaa mwaka 1916, na baada ya vita wakaufanya mji huo makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Waliupanga kama walivyoipanga miji yao ya Kongo: Wazungu upande wao, Waafrika wasioishi chini ya watemi wao wakatiwa Buyenzi na Belge (ndiyo Bwiza ya leo), na katikati ya hao wakawekwa wafanyabiashara wasiohesabiwa huku wala kule. Hao walikuwa Wahindi waliopitia Zanzibar na Tanganyika, pamoja na Waarabu wenye asili ya Oman. Ofisi ya utawala iliuita mtaa wao kwa jina la bara walikodhaniwa wametoka, na jina likabaki hata baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, mji ulipoitwa Bujumbura. Watu walipangwa kwa rangi, lakini Kiswahili hakikupangika. Kilivuka kutoka kaunta za Asiatique hadi vibaraza vya Buyenzi, kikawa lugha ya bei, ya deni na ya gereji.

Mtaa wa biashara huishi kwa njia inayouletea mizigo. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mkataba wa Machi 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu zao za bandari, moja Dar es Salaam na nyingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Watu waliziita Belbase. Kuanzia hapo shehena ya Usumbura ilisafiri kilomita 1,250 hivi kwa garimoshi, kisha ikapanda meli kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Leo sehemu kubwa ya mizigo huja kwa malori, zaidi ya kilomita 1,500 za barabara, ikivuka mpaka pale Kobero. Njia ni ndefu zote mbili, na urefu huo una sheria yake: nauli hulipwa kwa uzito na kwa nafasi, haimuulizi mtu kama mali ni nzuri au mbovu. Jora bovu hulipiwa safari sawa na jora zuri. Ndiyo kusema kadiri unavyokwenda mbali na bahari, ndivyo tofauti ya bei kati ya kibovu na kizuri inavyopungua kwa uwiano, na ndivyo hoja ya kununua kibovu inavyozidi kudhoofika. Ajabu ni kwamba mazoea yetu yamekwenda kinyume cha hesabu hiyo.

Wa kale hawakwenda kinyume. Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, walitiliana sahihi mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, akafungua ofisi Zanzibar. Mali kubwa iliyoletwa na meli za Salem ilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Pwani kikapewa jina la nchi yake, merikani. Kilipimwa kwa shuka, kwa doti ya shuka mbili, na kwa jora la yadi kama 30 hivi. Bara kilikuwa fedha. Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji Novemba 1871 kwenda kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, walipita pwani ya Uzige, nchi ambayo mji huu umejengwa juu yake, na jiwe la Mugere kusini ya mji bado linaonyesha tarehe ya 25 mwezi huo. Chakula na ruhusa ya kupita vililipwa kwa kitambaa, kama kwa kila msafara.

Fedha ya nguo ina tatizo ambalo fedha ya chuma haina: inaweza kutiwa wanga. Viwanda vya Uingereza vilijua kukipa kitambaa chepesi uzito na ugumu kwa kukishindilia wanga na udongo mweupe. Mkononi kilijaa, kilisimama, kikapendeza. Kikifuliwa mara moja tu kilibaki wavu. Uingereza ilijaribu kuuza vitambaa vya kuiga merikani, hata kwa bei ya chini, na kwa miaka mingi havikufua dafu kwa kile cha Salem. Sababu yake wanahistoria wa biashara hiyo wameieleza vizuri: mnunuzi wa bara, aliyechorwa katika vitabu vya wasafiri kama mtu wa kudanganywa kwa shanga, alikuwa hakimu mkali wa nguo. Kilichoitikisa merikani ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilivyokausha pamba; kisha viwanda vya Bombay vikaingia na kitambaa kilichostahili kushindana. Mnunuzi hakuwa na mapenzi na Marekani. Aliuliza swali moja tu: kitabaki nini baada ya kufuliwa?

Swali hilo ndilo nataka kulihamishia kwenye stika, lakini kati ya nguo na stika kuna brashi. Kabla ya plastiki, jina la gari liliandikwa kwa mkono. Mchoraji alipiga mistari kwa chaki, akachanganya rangi ya mafuta, akaandika jina la mwenye gari, methali au dua. Katika kazi ile rangi ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Kilicholipiwa hasa ni mkono. Na rangi ilikuwa na huruma: ikipauka, herufi ileile ilirudiwa juu yake, mwenye gari akibadilika, jina lilifutwa kwa koti moja la rangi. Aliyekosea kuchagua kopo alipoteza kidogo. Ndiyo maana maarifa ya mchoraji yalikuwa ya umbo zaidi kuliko ya kemia, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo.

Mashine iliyomwondoa mchoraji huyo, kwa kejeli nzuri ya historia, ilitoka kwenye biashara ya nguo. Joseph Gerber, aliyezaliwa Vienna na kukimbilia Marekani akiwa kijana wakati wa Wanazi, alijenga kampuni iliyopata sifa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mashine ya kukata vitambaa vya viwanda vya mavazi kwa kuongozwa na kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyohiyo ilitoa mashine ya kukata herufi za stika. Kisu kilichokuwa kikikata mashati kikaanza kukata majina ya maduka. Baadaye zikafuata printa za wino wa kiyeyushi, zenye uwezo wa kutoa picha nzima ya upande wa basi, na bei ya mashine ikashuka mpaka mwenye kibanda aweze kuimudu. Hapo mizani ikapinduka. Umbo sasa linatoka kwenye kompyuta, kijana mwenye miezi mitatu ya mazoezi anakata herufi zilizonyooka kuliko za bingwa wa brashi. Gharama imehamia kwenye jora. Tumerudi kaunta ya nguo, huku kizazi cha katikati kikiwa kimelelewa na rangi isiyoadhibu.

Na jora la stika linadanganya mkono kwa njia ileile ya wanga. Plastiki yenyewe ni PVC, kitu kigumu kama bomba la maji mpaka kitiwe vilainishi. Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich ndiye aliyegundua kulainisha huko mwaka 1926. Kutoka hapo kuna njia mbili za kupata utando. Ya kwanza ni kulikanda donge la moto na kulipitisha kati ya roli nzito, likabanwa na kuvutwa kama anavyosukuma chapati mtu mwenye haraka. Utando unaotoka hubaki na kumbukumbu ya kuvutwa, na kila ukipigwa na jua hutamani kurudi ulipotoka: unanywea, kingo zinarudi nyuma, na pembeni mwa kila herufi unabaki ukanda mweusi wa gundi unaokusanya vumbi. Ya pili ni kuiyeyusha PVC iwe uji, kuumimina juu ya karatasi maalumu na kuukausha ndani ya tanuri. Hakuna aliyeuvuta, kwa hiyo hauna pa kurudi. Utando wa kumiminwa huwa na unene wa mikroni 50 hivi. Ule wa roli huwa kati ya 70 na 100. Shika zote mbili bila kuambiwa, na mkono utakuapia kwamba ule mnene ndio bora. Ndipo mkono unapokosea. Unene hapa ni wanga.

Kuna tofauti nyingine ndani ya ile ya roli, na kwa mtu wa bei nafuu ndiyo muhimu kupita zote. Vilainishi vya bei ya chini ni molekuli fupi, na stika zake lebo huziita monomeriki. Molekuli hizo hazikai. Huchuruzika kidogo kidogo kuingia kwenye gundi au kupotelea hewani, na utando unaobaki huwa mkavu wa kukatika kama ganda la yai. Vya bei ya kati ni minyororo mirefu, polimeriki, ambayo hunasa ndani na kutulia. Watengenezaji kwa kawaida hutaja miaka mitatu hadi mitano kwa ya kwanza, mitano hadi saba kwa ya pili, na saba hadi kumi kwa ya kumiminwa. Lakini soma maandishi madogo: miaka hiyo ni ya uso uliosimama wima, katika nchi za jua hafifu, na wao wenyewe huipunguza kwa nchi za joto. Bujumbura iko chini ya nyuzi nne kusini ya ikweta, mita karibu 780 juu ya usawa wa bahari, na jua huwa utosini mara mbili kwa mwaka. Boneti na paa hapa ni kikaango. Stika ya miaka mitatu ikilazwa juu ya boneti haiendi miaka mitatu, na fundi mkweli atakwambia hivyo kabla hujatoa pesa.

Atakayesema kwamba haya ni ya maabara, barabara ina ushahidi wake. Magari madogo ya abiria na ya mizigo ya Afrika Mashariki, Hiace na Probox za kila rangi, kwa sehemu kubwa hufika yakiwa yametumika Japani, na mengi hufika na maandishi ya Kijapani ubavuni: shule ya chekechea, kiwanda cha tofu, kampuni ya kufua mashuka ya hoteli. Hakuna anayeyasoma, na wengi hawajali kuyabandua. Tazama kingo za herufi hizo kwa karibu. Zimelala bapa juu ya bati kama zilizopakwa, hakuna ukanda wa gundi, hakuna ufa, ingawa zimepigwa na majira ya baridi ya huko, chumvi ya melini na jua la huku. Kisha tazama jina la Kiswahili lililobandikwa kando yake mwaka juzi, limejikunja ncha. Bati ni moja, jua ni moja. Ni kweli kwamba Mjapani alibandika kwenye rangi mpya ya kiwandani, jambo lenye uzito wake nitakalolirudia, lakini haliwezi peke yake kueleza tofauti kubwa kiasi hicho.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu ubora kabisa. Linasema: nani amesema nembo ya gari inatakiwa kudumu? Gari huuzwa, njia hubadilishwa, kampuni ya simu inataka tangazo la miezi mitatu, mgombea anataka uso wake mpaka siku ya kura. Amri ya serikali nayo inaweza kufuta kila kitu kwa siku moja. Kenya ilionja hilo tarehe 1 Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kazi na kila matatu ikatakiwa kuvaa mstari wa njano wa milimita 150 kuizunguka. Michoro iliyokuwa fahari ya Nairobi ikafunikwa, na ikarudi kwa baraka za serikali miaka kumi baadaye. Mwenye matatu aliyekuwa amelipia kilicho bora alipata hasara kubwa kuliko aliyelipia hafifu. Ukiwa na mashaka na kesho, nunua cha leo.

Pingamizi hilo nalikubali nusu, na nusu ninayoikubali naikubali kwa moyo mmoja. Kwa tangazo la kampeni kwenye ubavu bapa wa lori, monomeriki ndiyo chaguo la busara, na anayeuza ya kumiminwa kwa kazi hiyo anamwibia mteja kwa adabu. Hata watu wa misafara hawakufungia mizigo kwa nguo ya kuvaliwa harusini. Lakini nusu ya pili inasahau kwamba stika, tofauti na rangi, haifi kwa kufunikwa, lazima ibanduliwe. Na hapa ndipo kifupi kinapogeuka ghali. Ile ya kumiminwa ikipashwa joto hutoka vipande vikubwa. Monomeriki iliyokaa juani mwaka mmoja zaidi ya muda wake hutoka kwa vipande vya ukubwa wa ukucha, ikiacha gundi inayotaka kiyeyushi na kitambaa na nusu siku ya mtu. Magari yetu mengi yamepita gereji, yamejazwa lipu ya bati na kupuliziwa rangi upya isiyookwa tanurini. Rangi hiyo hushika bati kwa ulegevu zaidi kuliko gundi inavyoishika rangi, na kubandua stika ni kubandua rangi. Kwa hiyo aliye na mashaka na kesho anapaswa kuuliza kwanza: kesho hiyo ikifika, hii itatokaje?

Tuipige hesabu kwa tarakimu za kubuni. Tuseme stika hafifu ni 10, nzuri ni 30; kubandika ni 10 na kubandua ni 5, kila mara, iwe nzuri au mbaya. Hafifu ikidumu miaka miwili na nzuri ikidumu sita, kwa miaka sita ya kwanza utalipa 25 mara tatu, yaani 75, na kwa ya pili 45. Humo sijatia siku ambazo gari limesimama gereji na mwenyewe anakosa hesabu ya jioni. Kinachookoa fedha ni kupunguza mara ambazo mkono wa fundi unahitajika, na hilo ni kinyume kabisa cha zama za brashi.

Wapo watakaosema mfano wangu wa merikani unavunjika mahali pamoja: nguo unaweza kuifua kipande kabla ya kununua jora, ila jua la miaka mitano hakuna anayeweza kulijaribu dukani. Hilo ni kweli, na ndilo jambo gumu la biashara hii, hasa pale jora lisilo na karatasi ya ndani yenye jina linapopewa sifa za jora lenye jina. Hata hivyo mkono haukuachwa bila kitu. Kipande cha monomeriki kikipashwa moto wa bunduki ya joto na kuvutwa juu ya kitu cha mviringo, kisha kikaachwa usiku kucha, asubuhi huwa kimejirudi kwa kiasi cha kuonekana. Cha kumiminwa hutulia. Kipande kilichobandikwa kwenye bati na kuachwa juani wiki kadhaa huanza kuonyesha nia yake pembeni. Juu ya hayo kuna kipimo cha zamani kuliko vyote, ambacho mitaa kama Asiatique iliishi kwacho: duka lisilohama. Mwenye duka anayejua kwamba utarudi na gari lenye kingo zilizojikunja ana sababu ya kukwambia ukweli ambayo muuzaji wa mkononi hana. Bei ya ziada kwake ni bima, ingawa hakuna anayeiandika kwenye risiti.

Swali linalobaki ni la mtu asiye na ile 30 hata kidogo, na nadhani mafundi wengi humjibu vibaya: humpa gari zima kwa stika hafifu. Jibu bora liko kwenye mita. Herufi za rangi moja zilizokatwa, zisizopita kwenye printa, rangi yake imo ndani ya plastiki yenyewe, haihitaji wino wala utando wa kinga juu yake, na hupauka polepole kuliko picha. Polimeriki ya kawaida inazitosha. Ukiziweka kwenye milango na ubavu bapa, mbali na mabonde, ribiti na boneti, huna haja ya utando unaojua kufuata maumbo, na mita mbili au tatu zinafanya kazi iliyodhaniwa inataka 20. Bandika asubuhi, kivulini, kabla bati halijapata moto wa kuishika gundi kabla hujapanga herufi. Safisha kwa spiriti, wala si kwa nta ya kung'arishia iliyojaa silikoni. Kazi ya picha ikilazimu, iache wino ukauke siku moja au mbili kabla ya kuufunika, kwa sababu kimiminika kilichofungiwa chini ya kinga huendelea kulainisha gundi kutoka ndani, na utando wa kinga uwe wa jamii moja na stika iliyo chini, la sivyo mmoja utamvuta mwenzake kila jua likichomoza.

Na zikifika siku zake, ubavu wa gari hautasahau. Mahali stika ilipokaa rangi haikupigwa na jua, na herufi zikishatoka jina hubaki likisomeka, jeusi zaidi kidogo kuliko bati linalolizunguka. Kwenye Hiace nyingi za mji huu unaweza kusoma wamiliki wawili, mmoja juu ya mwingine, na chini yao wote chekechea ya Japani.